Stauti ya kopo katika joto la Malindi

Karatasi inayokuja na kopo la kimea cha kupikia stauti, ile bia nyeusi, nyumbani imeandikwa kwa mtu ambaye nyumba yake ina baridi. Humwambia atafute mahali pa vuguvugu, aweke ndoo, afunike, arudi baada ya wiki. Makopo mengi ya stauti hutoka Uingereza na Australia, na huko taabu ya mpishi kwa miezi mingi ni kuzipata nyuzi 20 za Selsiasi. Malindi taabu imegeuka. Maji ya mfereji yenyewe hutoka yakiwa nyuzi 28 au zaidi, na mwezi wa Machi chumba cha mawe chenye dirisha moja hufika alfajiri kikiwa bado nyuzi 29. Ukiifuata karatasi neno kwa neno, utapata bia nyeusi inayonuka tina (kiyeyusho cha rangi) na ndizi zilizoiva kupita kiasi. Wengi hulilaumu kopo, wengine huulaumu uchafu. Mara nyingi ni joto tu.

Hamira ya bia inapokula sukari hutoa joto lake yenyewe. Ndoo ya lita 18 inayochacha kwa nguvu huwa juu ya joto la chumba kwa nyuzi 3 hadi 5, kwa hiyo chumba cha 29 maana yake ni ndoo ya 33. Hamira za kawaida za stauti zinapenda 18 hadi 22. Zikipita 25 huanza kutoa harufu za matunda, zikipita 28 hutoa vileo vizito vinavyochoma koo na kunuka kama kiyeyusho, na hivyo havitoki tena hata ukiilaza bia miezi sita. Saa 72 za kwanza ndizo zinazoamua. Baada ya siku ya nne, ndoo ikipanda hadi 24 au 25 haina madhara, na hata inasaidia hamira kumaliza kazi. Kwa hiyo barafu na nguvu zako zitumie mwanzoni, usizigawe sawasawa kwa wiki nzima.

Aliyezoea mnazi huona mambo haya ni kujisumbua. Mnazi huanza kuchacha kule kule juu ya mti, kwa hamira na bakteria wa mwituni, na joto ni rafiki yake: asubuhi mtamu, jioni mkali, siku chache baadaye ni siki ya kutilia kachumbari. Hakuna anayeutarajia ukae. Stauti inatakiwa ikae wiki kadhaa ndani ya chupa, na bakteria wale wale wanaougeuza mnazi kuwa siki wataigeuza nayo. Kama nyumbani huingia mnazi, dumu lake lisiguse kazi hii, wala mpira wake, wala kitambaa kilichoufutia. Vijinzi vinavyozengea embe na mnazi hubeba bakteria wa siki miguuni, na kimoja kikizama ndani ya ndoo iliyoachwa wazi kinatosha kuanzisha balaa.

Kuhusu joto kuna njia tatu, na uichague kabla ya kununua chochote, kwa sababu hamira utakayonunua inategemea njia hiyo.

Njia ya kwanza ni beseni na msimu wa kusi. Kuanzia Juni hadi Agosti mchana wa Malindi hukaa karibu 27 au 28 na usiku hushuka hadi 22 hivi. Tafuta beseni pana au pipa lililokatwa nusu, simamisha ndoo ndani yake, jaza maji yafike usawa wa bia, kisha tumbukiza chupa za maji za lita 1.5 zilizogandishwa: mbili asubuhi, mbili jioni, kwa siku nne za mwanzo. Zungushia beseni blanketi au godoro la zamani, maana bila hilo unalipoza chumba kizima. Kwa mpango huu ndoo hukaa 21 au 22 bila shida, nawe unahitaji chupa nane ili nne zigande wakati nne ziko kazini. Kanga iliyoloweshwa na pangaboi, ambayo watu wa bara huisifu, hapa haina nguvu kubwa. Hewa ya pwani imeshiba maji, kitambaa hakikauki haraka, na unaambulia nyuzi mbili tatu tu. Itumie juu ya barafu, si badala yake. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, njia hii inakuwa utumwa wa kubadilisha chupa usiku wa manane, na siipendekezi.

Njia ya pili ni friji kuukuu na kidhibiti joto cha nje, kile kidogo chenye waya wa kupimia. Ubandike waya huo ubavuni mwa ndoo chini ya usawa wa bia, uufunike kwa kipande cha sponji ili usome bia na si hewa, kisha weka 19 na uruhusu tofauti ya nyuzi 1. Kompresa ya friji inahitaji kupumzika kabla ya kuwaka tena, kwa hiyo weka ucheleweshaji wa dakika 5. Ukiuning'iniza waya hewani, friji itawaka na kuzima siku nzima huku bia ikiendelea kupanda. Stima ikipotea, usifungue mlango: lita 18 zilizopoa hupanda polepole, na saa tatu nne za giza hazidhuru.

Njia ya tatu ni kuacha kushindana na joto. Kuna hamira za asili za mashambani magharibi mwa Norwei ziitwazo kveik. Ile ya Voss hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 35 na 40, na hustahimili 25 kwenda juu. Kwa mpishi wa Malindi hiyo ni neema. Huhitaji barafu wala friji, na kazi huisha kwa siku tatu au nne. Taabu hugeuka mara ya pili: usiku wa Julai inabidi uifunike ndoo kwa blanketi isipoe, kwa sababu hamira hii ikishuka ghafla hulala kabla haijamaliza. Voss huacha harufu kidogo ya chungwa, ambayo ndani ya bia nyeusi haisumbui. Aina ya Lutra ni safi zaidi. Zote mbili zina njaa kuliko hamira ya kawaida, na dawa yake imo ndani ya kopo lenyewe, nitaieleza.

Sasa kopo. Lile la kawaida lina kilo 1.7 za kimea kizito cha majimaji kilichokwisha kuchanganywa na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), pamoja na pakiti ya hamira ya gramu 7 chini ya kifuniko cha plastiki. Soma tarehe. Kimea cha maji huendelea kuiva ndani ya kopo, na kontena lililokaa juani bandarini Mombasa hukiivisha haraka: rangi huongezeka, na ladha huanza kuelekea mchuzi wa soya. Ndani ya stauti rangi haikusaliti, ulimi ndio husema. Kopo lililovimba au lenye kutu kwenye mshono liache dukani. Na ile pakiti ya gramu 7 usiitegemee. Imesafiri katika joto lile lile, nusu yake huenda imekufa, na hata ikiwa nzima ni kidogo. Nunua pakiti mpya ya gramu 11 ya hamira ya eli (jamii ya bia ambamo stauti imo), iliyohifadhiwa kwenye friji ya muuzaji, na uibebe nyumbani kwenye chupa ya chai yenye barafu. Ile ya kopo usiitupe: itie ndani ya maji yanayochemka wakati wa kupika. Hamira iliyokufa ni chakula kizuri cha hamira hai, na kveik hasa huitaka.

Kopo linakwambia ongeza kilo 1 ya sukari na ujaze hadi lita 23. Hesabu yake inatoa kipimo cha mwanzo (uzito ukilinganishwa na maji, unaosomwa kwa haidromita) cha karibu 1.039 na bia nyembamba, nyeusi kwa macho lakini nyepesi mdomoni. Sukari nyeupe huliwa yote na hamira, ikabaki kileo bila mwili. Anayetaka stauti nzito afanye mambo mawili: apunguze maji hadi lita 18, na badala ya sukari atie kilo 1 ya kimea cha unga, cheusi au cha kahawia. Juu yake gramu 300 za sukari guru, ambayo sokoni hupatikana kwa urahisi na huleta ladha ya molasi inayokaa vizuri na uchungu wa kimea cha kuchoma. Kipimo cha mwanzo kitakuwa karibu 1.055, cha mwisho karibu 1.016, na kileo asilimia 5 na kidogo. Sukari guru isizidi nusu kilo; ikizidi, bia huwa kali na kavu. Chagua vipande visafi, maana vingine huja na mchanga na nyuzi za miwa, na ukikiyeyusha kipande pembeni kwanza utaona kilichomo.

Kinachobadilisha kopo kuliko yote ni shayiri ya kuchoma. Gramu 200 zinatosha. Kama huna ya dukani, shayiri ile ile ya uji wa Ramadhani inafaa, kwa sababu stauti hutumia shayiri iliyochomwa bila kuoteshwa. Itandaze kwenye trei, iingize kwenye jiko la oveni nyuzi 200 na kitu, igeuze kila dakika 5 hadi 10, mpaka rangi ifike ile ya buni iliyokaangwa vizuri. Huchukua dakika 45 hadi saa nzima na moshi si mdogo, kwa hiyo fungua madirisha. Ikishika weusi wa mkaa imeungua na itatoa uchungu wa majivu. Iache kwenye mfuko wa karatasi wiki mbili ili ukali wa moshi utoke. Siku ya kupika ipondeponde kinuni, ivunjike tu, isiwe unga. Iloweke kwenye lita 2 za maji ya nyuzi 65 hadi 70 kwa dakika 30, ichuje kwa kitambaa safi bila kuikamua, kisha chemsha yale maji meusi dakika 10. Punje zenyewe zisichemke, wala zisikamuliwe: maganda yake hutoa ukakasi wa chai iliyoachwa jikoni mchana kutwa.

Maji. Ya kisima cha Malindi mengi yana chumvi au chokaa ya matumbawe, na chumvi ikisikika mdomoni hakuna namna ya kuitoa. Ya mfereji, yanayotoka visima vya Baricho kandokando ya Sabaki, yanafaa, lakini yametiwa klorini, nayo ikikutana na kimea huzaa harufu ya plasta na dawa ya hospitali. Kiasi kidogo sana kinatosha kuharibu ndoo nzima. Yachemshe dakika 15 bila kifuniko na uyaache yapoe, au ponda nusu kidonge cha Campden (dawa ya salfaiti inayoondoa klorini) kwa lita 20 na usubiri dakika 20. Maji ya madumu ya kunywa ya lita 20 huondoa maswali yote, kwa bei yake. Watu huuliza pia kama waongeze madini ili yafanane na ya Dublin, mji wa Ireland unaosifika kwa stauti. Kwa kimea cha kopo hakuna haja, kwani madini yalikwisha kuingia kiwandani pale kimea kilipopikwa.

Kuosha na kuua vijidudu ni kazi mbili tofauti. Kwanza sabuni isiyo na manukato na sponji laini, kwa kila kinachogusa bia: ndoo, koki, mpira, mwiko, kifuniko. Sponji ngumu hukwaruza plastiki na bakteria hujificha kwenye mikwaruzo. Kisha dawa. Ile ya asidi isiyohitaji kusuuzwa, mililita 1.5 kwa lita ya maji, ndiyo rahisi kuliko zote. Povu lake liache lilivyo. Ukikosa, Jiki isiyo na harufu hufanya kazi, kijiko kimoja kikubwa kwa lita 4, dakika 15, lakini lazima usuuze mara tatu kwa maji yaliyochemshwa, la sivyo umerudisha klorini uliyoihangaikia. Usichanganye Jiki na siki au asidi yoyote, kwani hutoa gesi yenye sumu. Koki ifungue vipande vipande kila safari. Ndoo nyingi zinazosemwa ziliharibika bila sababu zilikuwa na mabaki ya bia ya zamani ndani ya koki.

Kabla ya kuwasha jiko, jambo moja la karatasi. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya Kenya ya 2010 inadai leseni kwa anayetengeneza kileo na kwa anayeuza. Uliza ofisi ya leseni ya kaunti kwanza, na chupa za kuuza usizifikirie bila hati. Mtaa nao una heshima zake: wengi wa majirani hawanywi, na harufu ya kimea kinachochemka hupita ukuta wa mawe na paa la makuti bila kubisha hodi.

Jioni ya kabla ya siku ya kupika, weka lita 13 za maji yaliyochemshwa kwenye friji, ndani ya chupa na vyombo vilivyooshwa kwa dawa, yafike nyuzi 5. Hatua hii huachwa na wengi na ndiyo inayogharimu. Ukijazia maji ya mfereji ya nyuzi 29, mchanganyiko utakaa 40 na kitu, nawe utangoja usiku kucha upoe huku bakteria wakitangulia. Kwa lita 3 za moto na 13 za baridi utapata nyuzi 20 na kitu hapo hapo.

Siku yenyewe, lisimamishe kopo kwenye maji ya moto robo saa ili kimea kilegee. Yale maji ya shayiri yaongezwe yafike lita 3, yachemke, zima moto, tia kimea cha unga kidogo kidogo ukikoroga (ukikimimina chote kwa pamoja kitafanya madonge magumu), tia sukari guru na ile hamira ya kopo, washa tena dakika 10. Simama hapo hapo. Povu la kimea hupanda ghafla na sukari iliyomwagika kwenye jiko la gesi husafishwa kwa kisu. Kimea cha kopo kitie mwisho, moto ukiwa umezimwa, kwa sababu kina hopsi ndani na kuchemsha hufukuza harufu yake. Sehemu ya chini ya kopo isuuze kwa maji ya moto, kwani huwa na gramu nyingi zilizoganda.

Mimina ndani ya ndoo, jazia maji ya friji kutoka juu, kwa kishindo na povu, kisha koroga kwa nguvu dakika 3. Hamira inahitaji oksijeni wakati huu, na ni wakati huu peke yake. Pima nyuzi. Ikiwa juu ya 24 na unatumia hamira ya kawaida, funika, ingiza ndoo kwenye barafu, subiri. Kveik hutaka 30 hadi 35, kwa hiyo kwake maji ya friji yawe lita 8 tu, zilizobaki ziwe za joto la chumba. Hamira ya kawaida iloweke dakika 15 kwenye mililita 100 za maji yaliyochemshwa na kupoa hadi nyuzi 30, ambayo Malindi ni joto la meza, kisha itie na ukoroge.

Chukua kipimo kabla ya kutia hamira. Haidromita nyingi zimetengenezwa kusomwa kwenye nyuzi 20, na maji ya moto huifanya izame zaidi. Kwenye 28 ongeza 0.002 juu ya unachosoma, kwenye 31 karibu 0.003. Usiposahihisha, hesabu ya kileo itakosea na, vibaya zaidi, utadhani bia imemaliza kumbe bado.

Tumia ndoo ya lita 30. Stauti hutoa povu zito, na kwenye ndoo ya lita 20 litapanda, litaziba kizibo cha kutolea hewa, kisha kifuniko kitaruka na kuchora dari. Kama nafasi ni ndogo, toa kile kizibo na uweke mpira mpana unaoishia ndani ya chupa ya maji ya dawa. Na kizibo kisipotoa mapovu usiogope mara moja: mara nyingi kifuniko kinavuja pembeni na bia inachacha kama kawaida. Inuse, tazama kama kuna utando wa povu kwenye kuta, na zaidi ya yote pima.

Hamira ya kawaida kwenye 20 huchukua siku 7 hadi 10. Stauti ya kopo hupenda kusimama kwenye 1.020, kwa sababu kimea cheusi kina sukari nyingi zisizoliwa. Ikikaa hapo, ipandishe hadi 23 au 24, izungushe ndoo taratibu bila kufungua ili hamira iliyolala chini inyanyuke, ngoja siku tatu. Ikibaki pale pale, imefika mwisho wake. Kanuni ya kutia chupani ni moja: vipimo viwili vilivyo sawa, vikiachana kwa siku mbili au tatu. Kuhesabu siku au kusikiliza mapovu si kipimo. Bia iliyofungwa ikiwa bado inakula sukari hupasua chupa, na vipande vya kioo havichagui mtu.

Kuonja kile ulichopima kunafundisha. Harufu ya tufaha bichi inaisha kwa siku mbili tatu zaidi. Harufu ya siagi vilevile, ukiiacha kwenye vuguvugu juu ya hamira yake. Yai viza ni gesi tu, hupita. Tina haipiti. Uchachu wa siki nao haupiti, na ukiona utando mweupe mkavu wenye mapovu makubwa juu ya bia, kuna mgeni aliyehamia. Mwaga, na ule mpira na koki vitupe pamoja.

Kahawa na stauti ni ndugu, na Malindi haikosi kahawa. Saga nene gramu 70, loweka kwenye mililita 700 za maji baridi yaliyochemshwa, friji, saa 20, chuja mara mbili, tia siku ya kufunga chupa. Kuitia moto au mapema huleta uchungu wa pilipili hoho mbichi, sijui kwa nini watu huendelea kufanya hivyo. Punje sita za iliki zilizopasuliwa zinaruhusiwa. Tangawizi nyingi kama ya kahawa chungu ya barazani itafunika kila kitu. Nazi nayo inavutia: gramu 250 za nazi kavu iliyokunwa, ikaangwe bila mafuta hadi iwe ya hudhurungi, ikandamizwe kwenye karatasi inyonye mafuta, ikae siku tatu kwenye bia iliyokwisha kuchacha, ndani ya mfuko wa kitambaa. Harufu yake ni nzuri sana. Povu litapungua, maana mafuta huliua, na hakuna karatasi inayoyatoa yote.

Kwenye chupa, zile za kahawia za nusu lita za vizibo vya bati ndizo zinazofaa. Zenye ufa mdomoni zitupe. Chupa za plastiki za soda hustahimili mgandamizo, za maji hazistahimili. Lita 18 zikitolewa mashapo hubaki 17, yaani chupa 34. Kwa stauti gesi iwe kidogo. Sukari nyeupe gramu 95 kwa lita hizo 17 zinatosha ikiwa bia ilichacha kwenye 20 na kitu. Ikiwa ilikuwa kveik ya 35, gesi iliyobaki ndani ni kidogo, weka gramu 105. Karatasi ya kopo husema kijiko kimoja kila chupa, na kijiko cha mtu hutofautiana na cha mwingine, ndiyo maana chupa moja hububujika na nyingine imelala. Chemsha sukari yote kwenye mililita 200 za maji, imimine chini ya ndoo safi, nyonya bia juu yake kwa mpira uliofika chini kabisa, bila kurusha. Sasa oksijeni ni adui. Bia iliyopigwa hewani siku hii itaonja boksi lililolowa kabla ya mwezi kwisha, na joto letu huharakisha hayo.

Jaza hadi sentimita 3 kutoka mdomoni, funga, na chupa moja iwe ya plastiki ya soda, ikamuliwe hewa kabla ya kufungwa. Hiyo ndiyo kipimo chako: ikiwa ngumu kama ile ya dukani, gesi imefika. Malindi huchukua siku 7 hadi 10, bara ni wiki mbili au zaidi. Ziweke kwenye kreti ndani ya chumba chenye giza, zimefunikwa gunia nene, si kwenye ghala la mabati. Mara ile ya plastiki inapokuwa ngumu, zote zihamie friji au mahali pa baridi kuliko pote nyumbani. Ladha hukaa sawa baada ya wiki tatu nne, pale ukali wa shayiri unapolegea. Bila friji, zimalize ndani ya miezi miwili au mitatu.

Kabla ya kunywa, simamisha chupa kwenye friji usiku mzima ili mashapo yashuke na gesi itulie. Stauti ikifunguliwa ikiwa na nyuzi 29 humwagika nusu yake mezani. Itoe robo saa kabla, maana ikiwa ya barafu kabisa haina ladha, 10 hadi 12 zinatosha. Mimina kwa mkupuo mmoja, bila kuinua na kurudisha chupa, na kidole kimoja cha mwisho kiache ndani. Kisha suuza chupa hapo hapo kwa maji mengi. Mashapo yakikauka ndani, hata brashi haiyatoi.